Mstari wa simuni, Biblia ya peke yako au kikundi: kipi kitakushika mkono wakati wa taabu?

Mwezi wa nne ukiingia hapa Malindi, upepo wa kusi unaanza kukaza na bahari inachafuka. Mashua ndogo zinavutwa juu mchangani, hoteli nyingi zinafunga milango mpaka wageni warudi, na karo ya muhula wa pili haijui kwamba baba hajaingia baharini wiki tatu. Ni msimu huo ambapo watu wengi tunafungua Biblia kwa bidii kuliko Desemba. Sioni aibu kusema hivyo. Mtoto humkimbilia mzazi wake akiumia, na mzazi hamfukuzi kwa kuwa hakumtafuta jana akicheza.

Swali ninaloulizwa na dada zangu kanisani si kama wasome, bali wasomeje. Mwingine anaishi kwa mistari anayotumiwa kwenye simu. Mwingine anajifungia na Biblia yake alfajiri. Mwingine hawezi bila kikundi. Mimi nimepita njia zote tatu, na si kwa kupenda.

Machi 2020, wageni walipokatika, nilikuwa nafua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja kando ya bahari. Tuliambiwa twende nyumbani wiki mbili. Sikuitwa tena. Mwaka huohuo mama yangu, anayekaa Ganda, alipata kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, na kwa sababu ya sukari kikakataa kupona. Miaka miwili iliyofuata ndiyo iliyonifundisha haya ninayoandika.

Mstari wa kwenye simu

Unaujua. Saa kumi na moja simu inalia, kundi la WhatsApp la kanisa limetuma picha ya jua linachomoza na maneno machache ya Maandiko juu yake. Wapo wanaoudharau mstari wa namna hiyo, mimi siudharau. Siku daktari alipotuambia kwamba mguu wa mama utakatwa, sikuwa na macho ya kusoma hata nusu ukurasa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetumiwa Isaya 40:31, na katika ule ujia mrefu wa hospitali nilikwenda na kurudi nikisema kipande cha mwisho tu: “watakwenda kwa miguu, wala hawatazimia.” Si kupaa kama tai, si kupiga mbio. Kwenda kwa miguu. Hicho ndicho nilichohitaji, na simu ndiyo iliyonifikishia.

Lakini mstari ni kama kikombe cha kahawa chungu. Kinakuamsha, hakikushibishi. Na taabu yake kubwa ni kwamba umekatwa kutoka kwa mwili wake. Chukua Yeremia 29:11, ambao sidhani kuna Mkristo wa Kenya hajatumiwa: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya.” Niliupokea mara nyingi sana nikiwa sina kazi, na kila mara nilielewa kwamba kazi inakuja mwezi ujao. Mwezi ujao ulipita. Siku nilipofungua sura yenyewe nikakuta ni barua kwa watu waliotekwa na kupelekwa Babeli, na mstari wa kumi, ule wa juu yake, unasema miaka 70 itapita kwanza. Sura ya 28 inaeleza kwamba nabii mwingine, Hanania, alikuwa amewaahidi miaka miwili tu. Watu walimpenda Hanania, na wewe ungempenda. Lakini Yeremia aliwaambia wajenge nyumba hukohuko, wapande bustani, waoze watoto wao.

Nililia siku ile, lakini si kwa kukata tamaa. Niliacha kumngoja Mungu wa mwezi ujao, nikaanza kukaanga viazi karai barazani jioni. Ndiyo bustani yangu ya Babeli. Mstari ule ulinipa nguvu za kweli baada ya kusoma sura nzima, wala si kabla.

Kusoma peke yako

Saa yangu ilikuwa adhana ya alfajiri. Jirani zetu wakielekea msikitini, mimi nawasha taa ya sola na kukaa kwenye mkeka. Nilijiwekea masharti mawili: kitabu kimoja mpaka kiishe, na daftari pembeni. Kwenye daftari sikuandika mafunzo. Niliandika tu maneno ambayo mwandishi alimwambia Mungu na ambayo mimi nisingethubutu kumwambia.

Hapa uchaguzi wa kitabu una uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na Zaburi kabla ya Ayubu. Nasema hivyo nikijua wengi humpa aliyefiwa kitabu cha Ayubu, kwa kuwa Ayubu aliteseka. Lakini Ayubu ni sura 42, na sehemu kubwa ni mabishano ya watu wasiokubaliana. Mtu mwenye msiba wa wiki moja hana nguvu za kufuatilia nani anasema nini. Na kuna mtego: marafiki wa Ayubu wanaongea vizuri sana. Ule mstari tunaouona umeandikwa ukutani madukani na nyuma ya matuktuk, wa mwanzo mdogo na mwisho ulioongezeka, ni Ayubu 8:7, na anayeusema ni Bildadi. Mistari michache kabla yake, Bildadi huyohuyo amemwambia baba aliyefiwa kwamba watoto wake walivuna dhambi zao. Ukifika sura ya 42, Mungu mwenyewe anasema marafiki hao hawakunena yaliyo sawa juu yake. Asiyefika huko anaweza kubeba maneno ya Bildadi miaka kumi akidhani ni ahadi.

Zaburi ni fupi, na hazikuulizi maswali. Zinakupa maneno. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu na inaanza, “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” Sikuwa najua kwamba mtu anaruhusiwa kumwambia Mungu hivyo. Ile ya 42 inakufundisha kuongea na nafsi yako badala ya kuisikiliza tu: “Nafsi yangu, kwa nini kuinama?” Na ipo ya 88, ambayo haiishii kwenye nuru hata kidogo, neno lake la mwisho ni giza. Nilipoikuta niliisoma mara tatu nikitafuta ule mstari wa “lakini wewe BWANA”. Haupo. Mtu aliandika sala bila jibu, na watu wa Mungu wakaihifadhi pamoja na nyingine zote. Usiku wa mama kufanyiwa upasuaji, hiyo ndiyo iliyokaa nami.

Ayubu utamfikia baadaye, vidonda vikianza kukauka. Wafilipi nao usome wote kwa mkao mmoja. Ni sura nne. Ule mstari wa “Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu” ameuandika mtu aliye kifungoni, na mstari wa juu yake unazungumzia kujifunza kushiba na kuona njaa. Sikuwahi kuambiwa kwamba “mambo yote” ni pamoja na njaa.

Ubaya wa kusoma peke yako nao ni mkubwa. Hakuna anayekusahihisha. Nilifika mahali nikaamini kwamba mguu wa mama ulikatwa kwa dhambi niliyoifanya nikiwa msichana. Kila ukurasa niliofungua ulinithibitishia. Ukitafuta hukumu katika Biblia utaipata, kwa sababu ipo. Usichoweza kujua ukiwa peke yako na usingizi umekukimbia ni kama hukumu hiyo imeandikwa kwako. Kwa miezi miwili Biblia ilinidhoofisha. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu nakipenda kitabu hiki kuliko vyote.

Kikundi

Aliyenitoa humo ni mama karanga mmoja, mwanamke wa makamo anayekaanga samaki na kuuza jioni, ambaye hata darasa la saba hakumaliza. Alinikuta nimekaa barazani na daftari langu.

“Mwanangu, mbona siku hizi hutucheki?”

“Mama, mimi ndiye niliyemletea mama yangu haya.”

Hakubisha. Aliniambia Jumatano nije Muyeye, wanakaa chini ya mwembe, wako wanane, na nije na Biblia yangu. Jumatano hiyo walikuwa wamefika Yohana 9. Wanafunzi wanamwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, kipofu yule au wazazi wake. Yesu anajibu, “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.” Mama karanga hakunitazama. Alisema tu, “Tusome tena hapo.” Tukasoma tena. Sijui kama alipanga au Mungu alipanga, lakini nilichoshindwa kukipata kwa miezi miwili chini ya taa ya sola nilikipata kwa robo saa chini ya mwembe.

Kikundi kina kitu ambacho daftari halina: kina mikono. Walichanga nauli ya tuktuk ya kumpeleka mama kliniki. Walileta unga. Marafiki wa Ayubu, kabla hawajaharibu kwa maneno yao, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno; kikundi chetu kiliijua ile sehemu ya kwanza vizuri. Ukiwa Mkatoliki, jumuiya ndogondogo ya mtaani kwako, aina iliyokuzwa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, husoma masomo ya Jumapili, kwa hiyo huchagui kitabu lakini pia hakuna anayekuchagulia mistari anayoitaka yeye. Katika ushirika wa nyumbani wa makanisa mengine mnaweza kufuata kitabu kimoja miezi mitatu, jambo ambalo kwangu ni tamu zaidi, lakini linategemea sana anayeongoza.

Na hapo lazima niseme la pili, kwa sababu mtu wa Malindi hawezi kuandika juu ya vikundi vya Neno akaliruka. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, bara ya mji wetu. Miili iliyopatikana ilipita mia nne, wakiwemo watoto. Walikuwa watu waliotafuta nguvu kwa Mungu wakati mgumu, kama mimi na wewe, na wakaambiwa wafunge kula mpaka wamwone Yesu. Maiti zilikuwa zikiletwa hapa mjini. Ule mwezi harufu na ving'ora haviondoki kichwani mwangu, na wengi wetu tulipoteza hamu ya kuitwa kwenye kikundi chochote.

Tulirudi chini ya mwembe baada ya wiki kadhaa, na tulirudi na mambo mapya. Tulisoma Matendo 17:11, jinsi watu wa Beroya walivyomsikiliza Paulo kisha wakachunguza Maandiko wenyewe kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Mtume mzima alipimwa, na kitabu kinawasifu waliompima. Kisha tukasoma Matendo 27. Tunaelewa ile sura sisi watu wa pwani: dhoruba, nanga, shehena inatupwa baharini, watu 276 chomboni. Siku ya 14 hakuna aliyekuwa amekula. Paulo anafanya nini? Anawasihi wale. Anachukua mkate, anamshukuru Mungu mbele yao wote, anaumega, anaanza kula yeye mwenyewe, nao wote wanapata moyo na kula. Dada mmoja aliyempoteza binamu yake kule msituni aliomba tuisome sura hiyo Jumatano mbili mfululizo.

Kwa hiyo, ukichagua kikundi, kiangalie. Unaweza kuuliza swali na usikemewe? Kila mtu ana Biblia wazi mbele yake, au mmoja anasoma na wengine wanasema amina? Wanakuruhusu kwenda hospitali, kumeza dawa, kupeleka watoto shule, kuongea na ndugu zako wasio wa kanisa lenu? Palipo na hapana moja kati ya hayo, ondoka, na umwambie mtu. Kikundi kinachokutenga na watu wako ni kibaya kuliko upweke.

Kuna kasoro ndogondogo pia. Habari zako zinaweza kufika sokoni kabla yako. Kuna anayeshuhudia kila wiki mpaka wewe usiye na ushuhuda unajiona umelaaniwa. Hayo yanavumilika, na kikundi kikiwa kizuri yanasemwa wazi.

Tafsiri gani?

Hili nililipuuza, nikajuta. Biblia ya Muungano, ile ya 1952 ambayo wengi tunaiita tu Biblia, ina mdundo ambao hauna mpinzani kwa kukariri. “Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu, msaada utakaoonekana tele wakati wa mateso”: hilo linakaa kinywani hata ukiwa na homa. Lakini Kiswahili chake kinawaponyoka vijana. Mwanangu alinisomea Zaburi ya 13 na akauliza kwa nini “hata lini”. Hakujua kwamba maana yake ni hadi lini. Habari Njema ni nyepesi kusoma sura tatu au nne bila kukwama, hasa vitabu kama Ayubu na barua za Paulo. Mimi nasomea Habari Njema, nakariri kwa Muungano. Na kama mzazi wako lugha yake ya moyoni ni Kigiryama, mtafutie Biblia ya Kigiryama. Usimlazimishe alie kwa lugha ya shuleni.

Huwa namkumbuka Krapf, yule mmisionari Mjerumani, kwenye jambo hili. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Juni alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Julai akamzika mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga siku zilezile. Hakuacha kutafsiri. Kurasa za kwanza za Kiswahili cha Biblia ziliendelea kuandikwa na mtu aliyefiwa, hapa hapa pwani.

Basi uchague nini?

Msiba au habari mbaya ikiwa bado mbichi, usijilazimishe kusoma kitabu kizima. Pokea mstari, au weka Biblia ya kusikiliza kwenye simu ulale ikisoma, na mwombe mtu mmoja akae nawe. Eliya alipotaka kufa chini ya mti, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumpa somo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Sauti ya utulivu ilikuja baadaye sana. Na kama nawe umefika pale pa kutamani kufa, mwambie mtu leo na uende hospitali. Malaika wako anaweza kuwa muuguzi.

Taabu ikiwa ndefu, ya kukosa kazi au kuuguza mtu kwa miaka, hapo mstari hautatosha. Soma peke yako, kitabu kizima, polepole. Habakuki ni sura tatu na inamalizikia pale ambapo hakuna tini, hakuna zabibu, zizi ni tupu, “walakini nitamfurahia BWANA.” Mvuvi wa kusi anaielewa bila mhubiri.

Ukianza kuamini kwamba Mungu anakulipiza kisasi, usisome peke yako hata siku moja zaidi. Tafuta kikundi, hata cha watu watatu. Na ukilazimika kuchagua njia moja tu kwa mwaka mzima, mimi ningechagua kikundi kidogo chenye Biblia wazi, pamoja na kasoro zake zote, kwa sababu kule kwenye mkeka wangu nilikaribia kuzama na hakuna aliyeniona.

Mama yangu hakuchagua. Macho yake yamefifia, hasomi, na mwembe wa Muyeye uko mbali kwa mtu wa magongo. Kwa hiyo Jumapili jioni naenda Ganda namsomea mimi. Huwa anataka Zaburi ya 71, na nikifika kwenye mstari wa tisa, “Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache,” ananishika mkono nisiendelee. Anausema yeye mwenyewe, kwa Kigiryama, kwa maneno yake. Kisha ananiachia, nami naendelea na wa kumi.